Uteuzi wa Obama na nusu ya habari ambayo haikutufikia

Tarehe 17 Februari 2008, Ikulu ya Dar es Salaam, Rais Jakaya Kikwete aliulizwa na waandishi wa habari juu ya msisimko ulioenea Afrika kuhusu seneta wa Illinois aitwaye Barack Obama. Swali lilikuwa zito kwa sababu aliyesimama pembeni yake ni George W. Bush, mgeni aliyekuja na mkataba wa Milenia wa dola milioni 698 kwa ajili ya barabara, umeme na maji. Kikwete alikubali kwamba watu wanamzungumzia Obama kwa hamasa, kisha akasema la muhimu kwetu ni kwamba rais ajaye, awaye yeyote, awe rafiki mwema wa Afrika kama alivyokuwa Bush.

Kufika Juni hakuna aliyelikumbuka jibu hilo. Kura za Montana na South Dakota zilipofunga miezi mitano ya mchujo, Obama alisimama St. Paul, Minnesota, usiku wa Juni 3, akatangaza kwamba yeye ndiye atakayekuwa mgombea wa chama cha Democratic. Kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatano. Agosti 28 alipopokea rasmi uteuzi huo katika uwanja wa mpira wa Denver, mbele ya watu takribani 84,000, hapa ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, daladala za kwanza zinatoka Mbagala na Gongo la Mboto. Magazeti ya siku hiyo yalikuwa yameshachapwa. Wengi wetu tuliupokea uteuzi ule kwa masikio kwanza, kupitia idhaa za Kiswahili za BBC, Sauti ya Amerika na Deutsche Welle, halafu watangazaji wa hapa nyumbani wakaubeba asubuhi nzima. Picha na vichwa vikubwa vya habari vilikuja baadaye kwenye meza za magazeti, na wasomaji wakajaa kuzizunguka.

Neno lililotawala lilikuwa moja: historia. Mtu mweusi wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa cha Marekani kugombea urais. Mtoto wa Mluo wa Kogelo, Kenya, na Waluo si wageni kwetu, ni Watanzania wenzetu wa Rorya. Baraza za kahawa za Magomeni na Kariakoo zilimpokea kama jamaa aliyefaulu ughaibuni. Aliposhinda urais wenyewe Novemba, ikatoka kanga iliyoandikwa "Hongera Barack Obama", na jina lake likaanza kufungwa kiunoni na kubebea watoto. Ukitaka kujua habari imezama kiasi gani katika nchi yetu, tazama kama imefika kwenye kanga.

Nimekuwa nikiufikiria uteuzi ule tena, na namna ulivyoandikwa, kwa sababu tangu hapo tumepata nasi chaguzi za wagombea zilizoitwa za kihistoria. Ninachokiamini ni kwamba furaha ile ilikuwa halali kabisa, na vyombo vya habari vilikuwa na haki ya kuibeba. Lakini vilitupa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo ambayo msomaji wa Dar es Salaam angeweza kuifanyia kazi nyumbani kwake.

Nianze na furaha, maana wapo wanaoidharau. Nimewasikia wasomi wakisema ulikuwa ushabiki wa rangi tu, kwamba Mwafrika anashangilia mtu asiyemjua, mwanasiasa wa Marekani atakayetumikia maslahi ya Marekani. Hoja hiyo ina ukweli, na nitairudia. Lakini inasahau uzito wa tarehe. Agosti 28, 2008 ilitimia miaka 45 kamili tangu Martin Luther King ahutubie maandamano ya Washington mwaka 1963. Wakati ule, katika majimbo mengi ya kusini, mtu mweusi aliyejaribu kujiandikisha kupiga kura alihatarisha kazi yake, nyumba yake, hata uhai wake. Sheria ya haki ya kupiga kura ilipitishwa mwaka 1965. Obama alikuwa na umri wa miaka minne. Kwa hiyo tulichokishuhudia kilitokea ndani ya umri wa mtu mmoja, na mwenye moyo hawezi kulipita jambo kama hilo kwa kuinua mabega. Kwa mji huu, ambao ulikuwa makao ya kamati ya ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, na ambao wapigania uhuru wa nusu ya bara walikaa, mtu mweusi kusogea hadi mlango wa ofisi ile kulikuwa na maana kuliko ushabiki. Wazee wetu walishauzoea ujumbe kwamba kuna viti ambavyo havitakaliwa na watu wa aina fulani. Siku ile ujumbe huo ulipata jibu.

Upande wa pili, Wamarekani wenyewe walikuwa wakigombana vikali juu ya vyombo vyao. Kambi ya Hillary Clinton, mpinzani wake katika mchujo, ililalamika kwamba waandishi wamempenda Obama mno. Ushahidi haukuwa mbali. Mwezi Februari, mtangazaji mmoja wa MSNBC alisema hewani kwamba akimsikiliza Obama husikia msisimko ukimpanda mguuni. Kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kikaigiza mdahalo ambamo waandishi wanambembeleza Obama, na siku chache baadaye, kwenye mdahalo wa kweli kule Cleveland, Clinton akakitaja kipindi hicho na kusema labda Obama aulizwe kama ameketi vizuri, au aongezewe mto. Wakati huohuo yeye aliandikwa kwa sauti yake, mavazi yake, kicheko chake. Kule New Hampshire wanaume wawili walisimama kwenye mkutano wake wakapiga kelele wakimtaka awapigie pasi mashati. Alipojitoa Juni 7, alisema dari ile ngumu ya kioo haikuvunjika, ila imepata nyufa milioni 18, hesabu ya kura alizopata. Uteuzi wa kihistoria wa mtu mmoja ulikuwa wakati huohuo kuzimwa kwa uteuzi mwingine wa kihistoria. Huku kwetu jambo hilo liligusiwa kidogo sana. Mwanamke aliyeshindwa kwa tofauti ndogo namna ile alihesabiwa tu kama aliyemchelewesha Obama, na naona hapo hatukumtendea haki.

Lakini malalamiko ya Clinton hayamalizi habari, maana vyombo hivyohivyo vilivyotuhumiwa kumbembeleza Obama ndivyo vilivyokaribia kumzika. Machi 2008 vipande vifupi vya mahubiri ya mchungaji wake, Jeremiah Wright, vilirudiwa kwenye televisheni usiku na mchana, hadi Obama akalazimika kwenda Philadelphia Machi 18 kutoa hotuba ndefu juu ya rangi. Mdahalo wa ABC wa Aprili 16 ulitumia sehemu kubwa ya mwanzo kumhoji kwa nini havai beji ya bendera na anamjua nani. Vita vya Iraq vilikuwa vinaendelea na uchumi unatetereka.

Kuna kisa kimoja kilichoniuma kuliko vyote, na sidhani kama kiliwahi kuchambuliwa hapa kwetu inavyostahili. Mwanzoni mwa 2007 jarida moja la Marekani lilidai kwamba Obama alisoma madrasa alipokuwa mtoto Indonesia, na watangazaji wa Fox News wakalirudia. CNN ilimtuma mwandishi hadi Jakarta, akakuta shule ya kawaida ya serikali, watoto wa dini mbalimbali. Vizuri, uongo ukafichuliwa. Ila kila mtu, mwenye kutuhumu na mwenye kusahihisha, alikubaliana bila kusema kwamba kusoma madrasa ni tuhuma. Sisi wa mji huu tunajua madrasa ni nini. Ni watoto wa mtaa wenye kanzu na mitandio, jioni, juzuu mkononi, mwalimu akiwasikiliza mmojammoja. Februari 2008 ikasambazwa picha ya Obama amevalishwa kilemba na shuka la wazee wa Kisomali alipotembelea Wajir, Kenya, mwaka 2006. Mavazi ya heshima ya jirani zetu yakawa ushahidi wa kutiliwa shaka.

Aliyelisema jambo hili waziwazi hakuwa mwandishi. Alikuwa Colin Powell, jenerali mstaafu na Republican, tarehe 19 Oktoba 2008, aliposema kwamba jibu sahihi ni kuwa Obama ni Mkristo, lakini jibu la haki ni kuuliza kuna ubaya gani mtu kuwa Mwislamu katika nchi ile. Miezi ishirini na zaidi vyombo vikubwa vya habari vilihangaika kuthibitisha kwamba mtu huyu si Mwislamu, na swali la Powell likawa limeachwa. Na magazeti yetu, yenye wasomaji wengi Waislamu, yaliinukuu habari kama ilivyotoka kwenye mashirika ya habari, pamoja na dhana yake.

Nikifika hapo huwa namfikiria Salim Ahmed Salim. Miaka mitatu kabla ya Denver, Mei 2005, Mkutano Mkuu wa CCM ulikutana Chimwaga, Dodoma, kumpata mgombea wa urais. Majina matatu yalifika mbele ya wajumbe: Kikwete, Salim na Mark Mwandosya. Salim alikuwa ameshakuwa balozi akiwa na umri wa miaka 22, rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, waziri mkuu, na katibu mkuu wa OAU kwa miaka 12. Mwaka 1981 alikaribia kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akazuiwa na turufu ya Marekani. Pamoja na yote hayo, katika mbio za 2005 ziliendeshwa kampeni za chini kwa chini juu ya asili yake ya Kiarabu na kumhusisha na Hizbu, chama cha zamani cha Zanzibar, na baadhi ya magazeti yetu yaliyabeba. Matokeo yalikuwa Kikwete kura 1,072, Salim 476, Mwandosya 122. Sisemi kampeni zile ndizo zilizomwangusha. Mtandao wa Kikwete ulikuwa umejipanga kwa miaka, yeye mwenyewe alipendwa, na tofauti ya kura ilikuwa kubwa. Ninachosema ni kwamba miaka mitatu baadaye tulikaa kushangilia Wamarekani walivyomkubali mtu aliyeulizwa kila siku baba yake ni nani na jina lake la kati, Hussein, limetoka wapi, na hatukuona mhariri akiuliza kwa herufi kubwa mbona sisi tulimuuliza Salim maswali yaleyale. Habari ya Obama ilikuwa nafasi ya bure ya kujitazama. Ilipita.

Sasa niseme juu ya nusu iliyokosekana, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Obama aliteuliwaje? Ukiuliza hata leo watu wengi watakujibu: kwa hotuba nzuri, kwa vijana, kwa intaneti, kwa kaulimbiu. Yote yalichangia. Lakini uteuzi hupatikana kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, na wajumbe hupatikana kwa kanuni. Mwaka 2008 zilihitajika kura za wajumbe 2,118. Chama cha Democratic kilikuwa na kanuni kwamba wajumbe wa kila jimbo wagawanywe kwa uwiano wa kura, asiwepo mshindi anayezoa wote. Tazama ilivyofanya kazi Februari 5, siku ambayo majimbo zaidi ya 20 yalipiga kura pamoja. Clinton alishinda New Jersey, jimbo la watu zaidi ya milioni 8, na kwa sababu ya mgawanyo ule akamzidi Obama wajumbe 11 tu. Siku hiyohiyo Obama alishinda Idaho, jimbo dogo ambalo watu wa Clinton hawakulijali, akamzidi wajumbe 12. Jimbo dogo likafuta jimbo kubwa. Kura za jumla za wananchi zilikaribiana mno, kila mmoja akiwa na karibu milioni 18. Aliyesoma kanuni na kutuma watu mapema kwenye majimbo madogo ndiye aliyeshinda.

Kanuni hiyo ya uwiano nayo ina historia, na ni historia ya watu weusi walioshindwa.

Agosti 1964, mwanamke mkulima wa pamba kutoka Mississippi, Fannie Lou Hamer, alikwenda na wenzake kwenye mkutano mkuu wa Democratic huko Atlantic City, wakidai kwamba ujumbe wa jimbo lao, wa wazungu watupu, haukuchaguliwa kihalali kwa sababu watu weusi walizuiwa kupiga kura. Alisimulia mbele ya kamati, na kamera zikiwa hewani moja kwa moja, jinsi alivyopigwa jela kwa sababu ya kutaka kujiandikisha. Rais Lyndon Johnson akaitisha haraka mkutano na waandishi, televisheni zikamwacha Hamer zikamgeukia rais. Lakini jioni zikaurudisha ushuhuda wake, na nchi nzima ikauona. Hamer na wenzake walipewa viti viwili vya kufutia machozi, wakavikataa. Mwaka 1968 chama hakikuwapokea tena wale wajumbe wa Mississippi wa rangi moja, kikawapokea waliochanganyika. Vurugu zilizozuka Chicago wakati wa mkutano mkuu wa mwaka huohuo zikaleta tume iliyoandika upya njia ya kupata wajumbe, mamlaka yakatoka kwa wakubwa wa chama yakaenda kwa wapiga kura. Mwaka 1972 Shirley Chisholm, mbunge mwanamke mweusi, akapata kura za wajumbe 152. Mwaka 1984 Jesse Jackson, mchungaji mweusi wa Chicago, akagombea na kulalamika kwamba fungu lake la wajumbe lilikuwa dogo kuliko fungu lake la kura. Akarudi 1988, akapata karibu kura milioni 7, akashindwa tena na Michael Dukakis. Lakini safari hii, kama sehemu ya makubaliano, alidai kanuni zibadilishwe ili wajumbe wagawanywe kwa uwiano kamili kuanzia uchaguzi wa 1992. Akakubaliwa. Miaka ishirini baadaye kanuni ile ilimvusha kijana mwingine wa Chicago.

Hii ndiyo habari ambayo ningependa kuisoma kwenye gazeti la Kiswahili asubuhi ile ya Agosti. Haipunguzi sifa ya Obama hata chembe. Inaonyesha kwamba mlango alioingilia ulichongwa na watu waliokufa au kuzeeka bila kuupita, na kwamba walichong'ang'ania ni mambo yasiyovutia macho: nani anakaa kwenye kiti cha mjumbe, kura zinahesabiwaje, nani ana haki ya kukata jina. Vyombo vya habari, vya kwao na vyetu, vilituonyesha mtu mmoja mwenye kipaji akipaa. Tukabaki na somo kwamba nchi hubadilika ikipata mtu.

Najua mhariri wa hapa angenijibu nini, na jibu lake si dogo. Atasema msomaji ananunua gazeti kwa kichwa cha habari, hanunui kanuni za wajumbe wa Idaho. Atasema chumba chake cha habari hakikuwa na mwandishi Denver, kilitegemea taarifa za Reuters, AFP na BBC, na mfasiri alikuwa na saa mbili kabla ya kurasa kwenda mtamboni. Atasema pia, na hapa ananigusa, kwamba alama ina nguvu yake yenyewe: mtoto wa Temeke aliyeiona picha ile hakuhitaji kujua uwiano wa kura ili ajue kwamba mtu wa rangi yake anaweza kusimama pale. Nayakubali yote. Taarifa za mashirika ya habari, hata hivyo, zilikuwa zimejaa hesabu za wajumbe. Ugomvi wa Florida na Michigan, majimbo yaliyonyang'anywa wajumbe kwa kuwahisha kura kinyume cha kanuni na kurudishiwa nusu kura kwa kila mjumbe Mei 31, uliandikwa kila siku. Malighafi ilikuwepo mezani. Tulichagua Kogelo, bibi yake Sarah, na hesabu ya miezi hadi Ikulu ya Marekani, kwa sababu hizo ndizo tulizoona zinatuhusu. Kanuni zilionekana ni mambo ya Wamarekani.

Matokeo ya chaguo hilo yalionekana pale matarajio yalipokutana na utawala wenyewe. Obama alikuja Dar es Salaam Julai 1 na 2, 2013. Alikwenda kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo kunadi mpango wa umeme wa dola bilioni 7, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi sita za kwanza, na barabara ya Ocean Road ikapewa jina lake. Bush naye alikuwa mjini siku hizo, na wawili hao wakaweka shada la maua pamoja kwa ajili ya waliouawa kwenye shambulio la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998. Ukiwapima kwa kipimo cha Kikwete, cha rafiki mwema wa Afrika, mizani inasumbua. Mpango wa Ukimwi alioanzisha Bush mwaka 2003 ulileta dawa za kufubaza virusi kwa idadi kubwa ya Watanzania, watu walio hai leo kwa sababu yake. Utawala wa Obama uliendelea na hayo na kuongeza ya umeme, lakini pia kuna Libya ya 2011, iliyoachwa bila mpango wa siku ya pili, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuja kuliita kosa lake baya zaidi. Waliosema wakati ule kwamba tunashangilia rais wa maslahi ya Marekani hawakukosea. Na waliosherehekea hawakukosea pia, kama walisherehekea kilichovunjwa na si kile watakacholetewa. Gazeti lilikuwa na kazi ya kutusaidia kutenganisha hayo mawili, na mara nyingi liliyachanganya.

Tulipofika kwenye mambo yetu, kasoro ileile ilijirudia kwa sura tofauti. Julai 2015 Dodoma, watia nia 38 wa CCM walichujwa kwa siku chache: tano bora, tatu bora, mmoja. Kati ya watatu wa mwisho, wawili walikuwa wanawake, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Haijawahi kutokea kabla. Lakini habari iliyomeza nyingine zote ilikuwa kukatwa kwa Edward Lowassa, nani kakasirika, nani ataondoka naye. John Magufuli akapata kura 2,104, Amina 253, Asha-Rose 59, na siku ileile Samia Suluhu Hassan akatajwa kuwa mgombea mwenza. Hapo historia ilipita mbele ya macho na vyombo vya habari vikawa vinatazama pengine. Wala hatukuelezwa vizuri jina hukatwa kwa kigezo gani, maana hilo nalo halikutangazwa.

Januari 19, 2025 ikawa kinyume chake. Mkutano Mkuu maalumu wa CCM, ulioitishwa kwa ajili ya kumpata makamu mwenyekiti, ulimpitisha Rais Samia kuwa mgombea wa Oktoba, mwanamke wa kwanza kuteuliwa na chama tawala. Safari hii neno historia lilijaa kurasa zote. Kwa haki kabisa: binti wa Zanzibar aliyeanza kazi kama karani, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, ni habari ya kujivunia, na wasichana waliiona. Inafaa tu kukumbuka kwamba Anna Senkoro aligombea urais 2005 na Anna Mghwira 2015 kupitia vyama vidogo, nao walistahili mistari michache zaidi katika kurasa zile. Lakini wapo wanachama waliohoji waziwazi utaratibu: kwa nini azimio litoke ukumbini wakati halikuwa kwenye ajenda iliyotangazwa, na kwa nini lisingojewe zoezi la kawaida la kuchukua fomu. Waliomtetea walisema Mkutano Mkuu ndio chombo cha juu, na kwamba ni desturi ya chama kumwachia rais aliyepo amalize muda wake. Hizo ni hoja mbili nzito, zinazostahili kurasa mbili zinazotazamana. Badala yake mahojiano yalihusu furaha ya wajumbe. Uchaguzi wenyewe wa Oktoba 29 ulifanyika bila Chadema, siku hiyo yakazuka maandamano, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa. Sidai kwamba uandishi bora wa Januari ungeyazuia hayo. Nadai kwamba wananchi waliozoea kusomewa sherehe bila utaratibu walifika Oktoba wakiwa na maswali ya miezi tisa ambayo hakuna aliyewauliza.

Katiba haimruhusu Rais Samia kugombea tena, kwa hiyo kabla ya uchaguzi wa 2030 CCM italazimika kutafuta mgombea mpya, na vyama vingine vitahitaji vyao. Majina yameshaanza kunong'onwa. Gazeti, redio au kituo cha televisheni cha mji huu kinaweza kuanza sasa hivi kuandika yasiyo majina: Kamati Kuu ina wajumbe wangapi na wanapatikanaje, jina linaweza kukatwa kwa sababu zipi, je, aliyekatwa ana haki ya kuelezwa, kura ya mjumbe ni ya siri kiasi gani, na kanuni hizo zinaweza kubadilishwa na kikao kipi, lini, kwa akidi gani. Chadema, ACT-Wazalendo na wengine waulizwe yaleyale kwa ukali uleule. Hakuna mgombea atakayekasirika, kwa sababu rasmi bado hayupo.